Nane Mbili

Vitz ililetwa kwa kuvutwa, Jumatatu,
taa moja imepasuka, buti limefungwa kwa mpira wa baiskeli.
Chuo kiliinunua kwa bei ya chuma chakavu.
Nikawaambia vijana: haya, daftari lenu hili.

Mkude alitaka madigadi yavimbe kama mashavu ya mpiga zumari.
Eliakunda alitaka mlango wa nyuma ufunguke kwa pembeni,
mama yake auzie supu humo, pale Keko Machungwa.
Tumpe hakutaka kitu. Alifumba macho,
akapitisha kiganja juu ya bati
kama anayempapasa mtoto mwenye homa,
akasema: Hapa, mwalimu. Hapa pamedanganywa.

Jicho huikubali rangi. Kiganja huuliza.
Mimi ndiye niliyewafundisha hivyo.

Tukawasha grenda.
Ikatoka nyekundu, chini yake fedha, kisha praima ya kijivu,
kisha puti,
puti nene kama ugali wa msibani,
ikimomonyoka vipande vipande, na ndani ya tundu la kutu
gazeti, limeshindiliwa kwa bisibisi.
Na kando ya tundu, kwa penseli ya seremala:
80. Ijumaa jioni.

Nane yangu.
Huwa naiandika kwa miduara miwili isiyogusana vizuri,
kama mtungi na kifuniko kilichokaa upande.
Mke wangu huicheka mpaka leo kwenye daftari la dukani.

"Huyu hakuwa fundi," akasema Mkude, "huyu mpishi!"
Wakacheka mpaka wakashika magoti.
Nikaenda bombani kunywa maji nisiyokuwa na kiu nayo.

Gerezani, mwaka aliozaliwa mtoto wa kwanza.
Kodi ya miezi mitatu. Dalali anachezesha funguo kidoleni:
Funika tu, mnunuzi anatoka mkoani, atajulia wapi?
Nikafunika. Iling'aa, wallahi, iling'aa.
Yule bwana aliondoka akipiga honi kwa furaha,
nami nikanunua unga na chandarua.

Nikarudi. Nikatoa penseli sikioni,
nikaandika nane nyingine chini ya ile nane.
Hakuna aliyesema neno.
Kompresa ilijaza pumzi, ikajizima yenyewe.

Tumpe akaitazama ya juu, akaitazama ya chini,
akaniletea mkasi wa bati.
"Tukate mpaka wapi?"
"Mpaka kutu iishe."
"Ikifika kwenye nguzo?"
"Basi na nguzo."

Iliifikia nguzo.
Muhula mzima ukaishia hapo: kukata, kuchomelea, kugonga,
madigadi mapya kutoka kwenye mlango wa friji la kantini,
Eliakunda na kovu la cheche shingoni analolionyesha kama cheo.
Rangi tulipiga Jumapili, mapema,
kabla misumeno ya Keko haijaamka na vumbi lake la mninga,
sakafu tumeimwagia maji, pua tumezifunga vitambaa.
Rangi ya ndimu inayoanza kuiva.

Ukiinama upande wa kushoto, jua likiwa chini,
utaona wimbi dogo, pale moto ulipozidi.
Nilitaka kulijaza. Kidogo tu, unene wa kucha,
hata sheria ya kazi inaruhusu.
Tumpe alikuwa ameshika kopo. Hakuninyima.
Alilishika tu.

Siku hizi wateja wa supu huegemea hapo hapo, bakuli mkononi,
wakibishana mpira, na wimbi lipo chini ya viwiko vyao.

Kile kipande cha bati Mkude alikitoboa,
akakitundika msumarini karibu na orodha ya msasa.
Wanafunzi wapya huniuliza ni namba za nini.
Kila muhula nawajibu tofauti.